Karatasi Alizozipiga Pasi Mama Nazih

Vita vilipoingia Beirut, Nazih Hallaq alikuwa mwaka wa pili wa masomo ya ufamasia. Chuo kikafungwa. Badala ya kukaa nyumbani kusikiliza makombora, akajiunga na vijana wa kujitolea wa ambulensi, na mama yake hakujua tena usingizi ni nini. Dada yake, Wadad, ndiye aliyekuwa akimfulia mashati ya kazi. Alijifunza upesi kwamba damu hufuliwa kwa maji baridi.

"Leo umembeba nani?" mama alikuwa akimwuliza.

"Bibi mmoja mnene kuliko wewe, mama. Ghorofa ya tano! Kidogo nilazwe mimi."

Mama anacheka, anamchapa na kitambaa cha jikoni. Mengine Nazih hakuyasema. Aliyaandika nyuma ya vyeti vya dawa, kwenye makaratasi ya bandeji, popote palipobaki peupe: jina la mtu, mtaa alikookotwa, maneno aliyosema njiani.

Siku moja alimbeba mhariri wa gazeti aliyevunjika mguu. Mhariri akaziona zile karatasi, akazisoma hapo hapo juu ya machela, na alipopona akamwita kazini. Hivyo ndivyo Nazih alivyogeuka mwandishi wa habari. Wakubwa hakuwaandika. Aliandika habari za mwoka mikate anayekosa unga, na za bwana harusi aliyevuka mstari wa mapigano na suti yake ndani ya mfuko wa plastiki. Mama hakujua kusoma, kwa hiyo Wadad alimsomea.

"Huyo mwoka mikate namjua," mama angesema. "Mwambie kaka yako aandike pia kwamba mikate yake ina mchanga."

Asubuhi moja ya mwaka 1985, Nazih alisimama mlangoni akifunga kamba za viatu. "Mama, leo nipikie mamumunye ya kujazwa mchele na nyama. Nyanya usizidishe."

Hakurudi. Gari lake lilikutwa karibu na kizuizi cha barabarani cha wapiganaji, mlango wazi, funguo mahali pake. Mama na binti walizunguka kwa wanamgambo wa kila upande, na kila waliyemwuliza aliapa kwa Mungu kwamba hamjui.

Tangu hapo, makombora yakianza na majirani wakikimbilia chini ya jengo na dhahabu zao, Mama Nazih alishuka na sanduku la karatasi. Majira ya baridi bomba likapasuka huko chini, maji yakaingia sandukuni. Mama akazianika karatasi zote kwa vibanio barazani, kisha akazipiga pasi moja moja juu ya shuka, kwa moto mdogo.

Jirani, Abu Salim, akachungulia. "Mama Nazih, siku hizi unafua hata makaratasi?"

"Nafua ya mwanangu. Wewe kafue mdomo wako."

Vita vikaisha. Jengo likanunuliwa libomolewe, wao wakapewa muda wa kuhama. Wakati huo huo akaja mwanamke wa chuo kikuu, Daktari Rima, akaomba karatasi zikahifadhiwe. Wadad alikubali mara moja. Mama akakataa.

"Vitu vya mtu hugawiwa akifa. Nani kafa hapa?"

Wadad alikuwa amechoka, amechoka na sanduku, na ngazi, na mlango usiofungwa mpaka usiku wa manane, Nazih asije akaukuta umefungwa. "Nazih kafa, mama! Kafa zamani. Wewe ndiye hutaki kumzika."

Neno hilo lilikuwa halijatamkwa ndani ya nyumba ile. Mama hakulia. Aliingia chumbani akalala na nguo zake za mchana, na kwa siku kadhaa hakumwita Wadad kwa jina. Alimwita "wewe."

Kisha akasema mwenyewe, "Mwite yule mwanamke."

Rima alipokaa, mama aliweka mikono yote miwili juu ya sanduku. "Sikupi. Nakuazima. Akija kuzitaka, utamtolea siku hiyo hiyo."

Rima akamtazama Wadad, Wadad akatazama chini.

"Siku hiyo hiyo, shangazi," Rima akasema, akaandika na kutia sahihi. Mama akamtaka Wadad amsomee maandishi yale mara mbili.

Mama alifariki katika nyumba mpya, nje ya mji, pasipo jirani aliyemjua Nazih. Baada ya matanga Wadad alikwenda chuoni.

"Samahani, dada," Rima akamwambia, "kwenye maboksi tunaandika mwaka wa kuzaliwa na wa kufariki. Wa kuzaliwa ninao."

Wadad alitazama kalamu ya Rima. Yeye ndiye aliyelisema lile neno wakati mama akiwa hai, sasa hakutaka liandikwe.

"Acha hivyo hivyo," akasema.

Akaomba aone karatasi moja, yoyote. Wakamletea kipande cha karatasi ya bandeji. Mwandiko wa Nazih ulikuwa umelala upande, wa mtu anayeandika gari likienda: *Mama mtu mzima, mtaa wa Ras al-Nabaa. Ananiomba nirudi nikazime jiko. Nimemwambia nimezima.*

Wadad aliinamisha kichwa juu ya meza akalia kwa sauti, yeye ambaye kwa miaka yote hakupata nafasi ya kulia, maana kulikuwa na mama wa kutunzwa. Msichana aliyekuwa akisoma meza ya pili alinyanyuka, akavuta kiti, akakaa karibu naye.

"Ni nani wako?" akamwuliza.

"Kaka yangu," Wadad akasema. "Kaka yangu mkubwa."