Zawadi Niliyokataa Kuijaribu

Fundi simu wa Masasi alinisihi mara tatu nilifungue boksi palepale dukani kwake. Ndani mlikuwa na mashine ya gemu ya kushika mkononi, mpya kabisa, imeanza kuuzwa majuzi tu, na yeye ndiye aliyeniagizia kutoka Dar es Salaam.

"Kaka, hizi zikitoka tu huwa na usumbufu," alisema. "Hiki kikadi cha gemu hakina gemu ndani, gemu lenyewe unalishusha mtandaoni. Na chaji yake inakwisha upesi. Tuiwashe hapa kwanza, ndiyo upande nayo Newala."

Nilimjibu kwa ukali kwamba hayamhusu. Katika ukoo wetu binti akitolewa unyagoni, mjomba wake humletea kitu kipya, na mwali mwenyewe hukifungua mbele ya watu. Kikifika kimeshafunguliwa, ndugu wa baba yake watasema kapewa makombo. "Shauri yako," fundi akasema, akalifunga boksi kwa gazeti. Nikaondoka nimevimba kichwa.

Sikuwa na nafasi ya kukosea tena. Mpwa wangu huyu, mtoto wa dada yangu, nilimwahidi baiskeli akimaliza darasa la saba, sikupeleka. Nikamwahidi kumfuata likizo aje kwangu Masasi, sikwenda, na dada akaniambia mtoto alishinda siku mbili kizingitini na begi lake. Basi siku anaingizwa unyagoni nilisimama mbele ya watu wote nikatangaza kwamba atatoka na mashine ya gemu, maana ndicho kitu alichokuwa akikiota. Baba yake mkubwa alicheka. "Wajomba wa Masasi," alisema, "mdomo tu." Maneno yale yalinikaa kooni mwezi mzima.

Siku ya kutoka, uwanja wa nyumbani kwa dada ulijaa kabla jua halijakolea. Wali walitoka wanne, wamevaa vitenge vipya, wamepakwa mafuta, macho chini kama walivyofundishwa. Mle ndani hufundishwa mengi ambayo sisi wanaume hatuambiwi, ila moja tunalijua wote: mtu mzima haaibishwi mbele za watu.

"Shikamoo mjomba," mpwa wangu alisema bila kuinua uso.

"Marahaba, mama. Fungua."

Akafungua taratibu. Vigelegele vikapigwa. Akabonyeza, kioo kikawaka, na mimi nikashusha pumzi. Kisha yakatokea maandishi: iunganishwe kwanza na mtandao.

Pale kwa dada mtandao hupatikana juu ya kichuguu kilicho nyuma ya jiko. Nikapanda na suti yangu, simu juu juu, nikamwambia mwali asogee chini yangu na mashine yake. Watu wakahama na ngoma yao, wakatuzunguka. Gemu likaanza kushuka: asilimia mbili. Wimbo ukaisha, ukaanza mwingine. Asilimia nne. Nilimkasirikia fundi, kana kwamba yeye ndiye aliyekataa tuiwashe dukani.

"Mbona imekuwa ya moto hivi?" mpwa wangu aliuliza kwa sauti ndogo. Nikateremka, nikaishika. Ilikuwa moto kama bakuli la uji, na alama ya chaji imegeuka nyekundu. Simu yangu ikalia: bando limekwisha. Nilipoangalia tena mashine, ilikuwa imezimika mikononi mwangu.

"Vipi, mjomba," baba mkubwa akauliza kwa sauti ya kusikika na wote, "inacheza au haichezi?"

Ngoma ikanyamaza. Dada yangu aliniangalia mara moja tu, akageuka kutazama pembeni, na hilo liliniuma kuliko swali lenyewe. Nikafungua mdomo. Sijui nilitaka kusema nini. Pengine uongo mwingine.

Mpwa wangu akaichukua mashine kutoka mikononi mwangu. Akaketi mkekani, akakielekeza kioo kifuani kwake, akaanza kubonyeza. Vidole vilikwenda mbio, akauma mdomo, akainama kushoto, akainama kulia, kama afanyavyo akiishika simu yangu. Mara akaruka alipoketi. "Nimeshinda!"

Uwanja ulilipuka. Ngoma ikarudi, wanawake wa upande wetu wakamzunguka wakicheza, hata baba mkubwa akatikisa kichwa akacheka, safari hii bila kejeli. Dada akawa anajifuta machozi kwa ncha ya khanga.

Mimi nilikuwa nimesimama nyuma ya bega la mpwa wangu. Kioo kilikuwa cheusi tii, hakina kitu ila kivuli cha uso wake.

Hakugeuka. Aliendelea kubonyeza, akasema chinichini, nisikie mimi peke yangu:

"Piga makofi, mjomba."

Nikapiga.