Nilikuwa Nikijibu "Nimeshapoa"

Mwanamke nisiyemjua alinikalisha kwenye kigoda chake, akaniosha miguu kwa maji ya uvuguvugu, kisha akaanza kulia.

Nikamcheka. Ndiyo, nilimcheka!

"Mama, ni malengelenge tu haya. Unanililia kama nimekatwa mguu!"

Akajifuta machozi. "Pole, mwanangu. Pole sana."

"Nimeshapoa!" nikajibu, meno yote nje.

Ngoja niwaeleze nilifikaje kwenye kigoda kile.

Mimi ni fundi cherehani, na mdomo wangu hauna breki. Dada yangu alikuwa akisema Mungu alipogawa masikio, mimi nilikuwa bado naongea.

Huyo dada ndiye aliyenilea. Wazazi walipofariki alikuwa msichana tu, lakini alinibeba, akanisomesha, akaninunulia cherehani. Sikuwa na mama mwingine.

Akaugua figo. Ilipofika mahali daktari anaongea nasi huku anaangalia dirishani, nikamwambia dada naenda hija kwa miguu, mpaka lile kanisa la mlimani, nikamwombee apone.

"Na hayo magoti yako?"

"Yatanyooka njiani."

Akacheka mpaka akakohoa. "Haya, nenda. Ila ukianza umalize. Nakujua wewe kwa kuacha mambo nusu. Sketi yangu mpaka leo haina pindo."

Nikamwachia simu yangu, kwa kuwa ya kwake ilikuwa imeharibika, na sikutaka akae wodini bila kuongea na watu. Nikaungana na kundi la mahujaji, tukaondoka.

Mwanzoni njia ilikuwa njia tu. Tukisalimia tunaitikiwa, tukiomba maji tunapewa, basi. Kisha miguu ikanigomea. Kiongozi wetu, mwalimu mstaafu, akasema wao watatangulia, mimi nifuate taratibu na kitambaa changu chekundu kichwani.

Baada ya hapo, jamani, watu wakawa wema mpaka nikashangaa.

Fundi viatu wa kando ya barabara aliniona kwa mbali, akasimama kabisa. "Pole, dada. Lete hivyo viatu." Akanishonea soli, malipo akakataa.

"Nimeshapoa, kaka. Ubarikiwe!"

Muuza chai akanipisha kwenye kiti chake mwenyewe. "Pole sana."

"Nimeshapoa!"

Dereva wa lori lililokuwa likitoka upande wa mlimani akasimama kwenye jua kali, akashuka, akavua kofia, akanipa maji kwa mikono miwili. Nikamwambia asijisumbue kugeuza lori anipakie, nina nadhiri ya kwenda kwa miguu.

"Najua," akasema. "Pole."

Wala sikujiuliza amejuaje.

Halafu ndiyo huyo mama wa kigoda. Alinipa kitanda chake, yeye akalala chini. Asubuhi akanisindikiza mpaka mlima ukaonekana, kanishika mkono kama mtoto anayepelekwa shule.

Moyo ulinijaa furaha. Nikajiambia, haya ndiyo majibu yangu. Mungu angekuwa na mpango wa kumchukua dada, angenitumia watu wazuri hivi? Nikapanda mlima naimba.

Huko juu kundi zima lilikuwa limekaa linanisubiri. Hakuna aliyeimba nami.

Nikapiga magoti, nikamwombea dada uzima kwa sauti kubwa mpaka nikaridhika. Nilipogeuka, mpwa wangu, mtoto wa kwanza wa dada, alikuwa amesimama mlangoni. Simu yangu mkononi mwake.

"Mama mdogo," akasema. "Pole."

Nikafungua mdomo nijibu. Jibu halikutoka.

Dada alifariki siku ileile nilipoachwa nyuma. Mpwa alimpigia mwalimu, na mwalimu akawa anawaachia watu wa njiani ujumbe: anakuja mwanamke wa kitambaa chekundu, amefiwa na hajui, mtunzeni lakini msimwambie. Yalikuwa maneno ya mwisho ya dada mwenyewe: "Mdogo wangu asirudishwe. Mwacheni amalize."

Kumbe wote wale walikuwa wananipa pole ya msiba! Na mimi napita kwenye msiba wangu mwenyewe, nagawa tabasamu.

Niliwaka. Nilimwambia mwalimu maneno ambayo siwezi kuyaandika hapa. Alisikiliza yote, hakujitetea. Mpaka leo kuna siku nawashukuru watu wale, na kuna siku nasema waliniibia machozi yangu.

Mazishi yalikuwa yananisubiri. Gari la kunirudisha lilipita njia ileile, nikaomba lisimame kwa yule mama. Alikuwa anafagia. Hakuniuliza chochote, akanitolea kigoda kile.

"Pole, mwanangu."

Safari hii nilikaa, nikalia, naye akalia tena pamoja nami.

Ndugu zangu, neno letu hili moja lina kazi nyingi. Ukichoka ni pole, ukijikwaa ni pole, ukifiwa ni pole. Mtu akikupa pole usikimbilie kujibu kama mimi. Mtazame usoni kwanza, umuulize: pole ya nini?

Mimi bado sijapoa.