Mteremko wa Madarasa ya Gatsata

Ngazi mbaya hujulikana siku ya kwanza. Watu wanajikwaa, wanatukana, inarekebishwa. Mteremko mbaya haujulikani. Ukiutazama kutoka barabarani unaona chuma kimepakwa rangi na kulazwa vizuri mpaka mlangoni, unasema, kumbe hata wenye magongo wamefikiriwa. Na hakuna hata mmoja wao anayeweza kuupanda.

Wazo hilo ndilo lililoninyima usingizi mwishoni mwa mwaka 1994. Nilikuwa mhandisi niliyemaliza chuo juzijuzi, nimezaliwa na kulelewa Tanzania, nimerudi Kigali, mji niliokuwa nikiujua kwa simulizi za wazazi tu. Nilijigeuza kitandani nikijiuliza kama mteremko usiopandika si uongo mbaya kuliko kutoweka chochote. Nikishajibu hilo, nilijiuliza mimi ni nani hata niulize.

Kazi yenyewe ilikuwa ndogo. Ofisi yetu ya Kacyiru ilikuwa inasimamisha madarasa matatu ya muda huko Gatsata, ya mbao, juu ya miguu ya chuma kwa kuwa pale kilimani hakuna tambarare. Mimi niandike vipimo vya ngazi na vya mteremko wa wenye magongo. Karakana ichomelee vipande, lori livipandishe, mafundi wavifunge kwa nati. Kila darasa ngazi yake, na darasa la mwisho liongezewe mteremko, kwa kuwa mwanafunzi mmoja wa pale alitembea kwa magongo.

Vipimo vya ofisi vilikuwa vimeandikwa kwa ajili ya mahali pa tambarare, ambapo sakafu hukufikia magotini. Gatsata, mlangoni, sakafu ilinifikia kifuani. Mteremko wa urefu uleule ungesimama kama paa la nyumba. Nilichora mwingine, mrefu, unaopanda polepole, unafika kwenye jukwaa la kupumzikia, unageuka, unaendelea kupanda. Nikaupeleka kwa mkuu wangu.

Aliufuata kwa kidole mpaka mwisho. "Enjinia," akasema, "hii si njia. Hii ni safari."

"Ni urefu unaotakiwa, mzee."

"Chuma hicho kitatoka wapi? Watoto wanasoma chini ya turubai na mvua imeshaanza. Weka ule mfupi." Akashusha sauti, kama baba. "Wewe umekulia Tanzania, mambo ya huku huyajui. Hapa mtu akiugua, majirani wanamlaza kwenye ingobyi, wanamweka mabegani mpaka hospitali. Kubebana ni mila yetu. Huyo mtoto mmoja mwenye magongo, wenzake watambeba."

Na wewe umekulia Uganda, nilimjibu moyoni. Mdomoni nilisema, "Sawa, mzee."

Nilishuka Gatsata kupima tena, ingawa nilikuwa nimeshapima. Nilibeba kipande cha wavu wa chuma nilichokichagua kwa ajili ya kukanyagia, kwa sababu hakituamishi maji. Wakati wa mapumziko wanafunzi walinizunguka, na katikati yao alikuwemo yule mwenye magongo: msichana wa Biryogo, mtaa wa Waswahili wa Kigali, sasa anaishi na shangazi yake pale Gatsata. Mguu mmoja uliishia juu ya goti. Hakuna aliyeuliza kwa nini. Mwaka ule hatukuulizana.

"Dada, wewe ndiye wa ngazi?" akaniuliza, kwa Kiswahili chepesi cha kwao.

"Ndimi."

"Mbona unapimapima tu? Unaogopa kupanda?"

Wenzake wakacheka. Nikaona heri niulize, hata kama swali ni la kijinga. Nilimwambia kuna watu wanaofikiri angeweza kubebwa na wenzake, kama kwenye ingobyi.

"Ingobyi?" Alinitazama kana kwamba nimemtukana shangazi yake. "Mtu anabebwa akienda hospitali, au akienda kuzikwa. Mimi naenda hesabu."

"Tutakubeba vizuri," mmoja wa wasichana akamtania. "Tukichoka tunakuacha njiani."

"Nyinyi? Ndoo ya maji tu inawashinda!" Akanigeukia tena. "Na nikitaka kwenda chooni, dada? Nipige kelele waje wanne?"

Akasogea kutazama wavu niliokuwa nimeuweka chini, akaukanyagia gongo. Ncha ikazama kwenye tundu, ikanasa. Akalichomoa. Kwenye karatasi yangu ya vipimo nilifuta neno wavu, nikaandika bati nene lenye vinundu, na ukingo pembeni gongo lisiteleze nje.

Kurudi Kacyiru nilikuwa na hasira, lakini hasira haizalishi chuma. Mkuu hakukosea: chuma hakikutosha, na mvua ilikuwa inawanyeshea wote, si mmoja. Je, nilikuwa napigania mtoto au mchoro wangu? Nilikaa mezani nikijumlisha vyuma vyote, nikitafuta pa kupunguza kwenye mteremko. Sikupaona. Ndipo nikatazama zile ngazi tatu, ambazo hakuna aliyewahi kuuliza kwa nini zipo tatu. Mbao tulikuwa nazo tele. Kibaraza cha mbao kikipita mbele ya milango yote, mteremko mmoja unatosha madarasa yote, na ngazi moja inabaki upande wa pili, watu wapate pa kutokea ikitokea hatari. Chuma cha ngazi mbili kinaingia kwenye mteremko.

Mkuu alielewa mara moja. Ndiyo maana alikasirika.

"Yaani shule nzima izunguke kwa sababu ya mmoja?"

"Wazunguke, mzee. Wana miguu."

Nikaendelea, kwa sababu ningenyamaza pale nisingesema tena. "Ule mfupi siandiki. Ukiwekwa, uwekwe na mtu mwingine. Na mimi nitamwambia kila atakayekuja kuutazama aupande kwa mguu mmoja."

"Mdomo huo ulikuwa umeuficha wapi?" Alinisukumia karatasi mezani. "Mimi huu mchoro sijauona. Ukianguka, utaanguka na jina lako."

Nikausaini mbele yake, peke yangu. Saini ikatoka mbaya. Kisha nikateremka kwenye karakana, kabla sijapata nafasi ya kufikiri tena.

Fundi alikuwa ameshalaza vyuma vya ngazi ya pili chini, anaviwekea alama za chaki.

"Hizo acha," nikamwambia. "Ngazi ni moja tu."

"Mkuu anajua?"

"Anajua. Hakubali."

Akanitazama, akautazama mchoro, akaitafuta saini. Nikainama, nikafuta zile alama za chaki kwa kiganja, nikamwandikia vipimo vya mteremko juu ya chuma chenyewe, nikasogea pembeni akate.