Kipa Asiyejua Kupangua

Saa moja asubuhi katika soko la Kibosho, mvua ya masika imekwisha kulowesha kila kitu. Primus, kijana wa miaka ishirini na moja, amesimama juu ya lori, mikono tayari. Mkungu wa ndizi unarushwa kutoka chini. Anaudaka, anaukumbatia kifuani, anageuka na kuulaza taratibu.

Mkungu ukianguka ndizi huchubuka, na Dominika, mfanyabiashara anayempa kibarua, hana msamaha kwa ndizi zilizochubuka. Tangu aanze kazi hii Primus hajadondosha hata mmoja.

Mikono hiyo ndiyo iliyomnasa Yassin, kocha wa makipa wa timu ya kiwanda kimoja mjini Moshi. Alikuja kununua ndizi, akasahau ndizi. Timu yake inatafuta kipa mmoja, na atakayechaguliwa atapata pia ajira kiwandani. Siku hizi viwanda vinapunguza watu, kwa hiyo nafasi kama hiyo si ya kuchezea.

Yassin hamung'unyi maneno. Anausifu uimara wa mikono ya Primus, na anasema kijana ana roho ngumu, hamkimbii mshambuliaji. Kasoro yake ni kwamba kila mpira anataka kuudaka. Katika mechi ya majaribio Jumamosi iliyopita, shuti lilikuja mpira ukiwa umelowa. Badala ya kuupangua kwa ngumi, aliukumbatia kama mkungu. Ukamteleza, ukaingia wavuni.

"Kipa lazima ajue mpira wa kuukataa," anasema Yassin. "Huyu hajui kukataa. Nimempa Jumamosi moja tu zaidi."

Kila jioni Hilda, dada yake Primus, humrushia mpira uliochovywa majini, pale kihambani, shamba la nyumbani, walipong'oa mibuni kahawa iliposhuka bei. Mpira wa kwanza Primus huupangua, wa pili huudaka. Primus anakiri kuwa hofu imemjaa.

"Huku juu ya lori nikidaka ndiyo nakula," anasema. "Sasa naambiwa nisidake ndiyo nile. Mikono itaelewa saa ngapi?"

Amemwomba Dominika ruhusa ya kupumzika kuanzia kesho mpaka Jumamosi, mikono isahau ndizi kidogo. Dominika amekubali, ila amemwonya kwamba akipata mpakizi mwingine, asilaumiwe.

Kabla ya kushuka kwenye lori, Primus anautazama mlima. Wingu limeufunika wote.

"Naomba Jumamosi inyeshe," anasema. "Jua likiwaka mpira hautateleza, nitadaka yote, na kocha hatajua kama nimejifunza. Na mimi mwenyewe sitajua."