Kamio Isiyo na Moteri

Juzi mjukuu wangu alifunga usukani wa plastiki kwenye meza, akaweka pedali chini, akaanza kukimbiza gari ndani ya kompyuta. Mguu wake mdogo ulipoitafuta freni, nilisikia tena harufu ya mazutu, dizeli ya zamani zile.

Papa, baba yangu, alikuwa dereva, na kamio yake, lori la kubebea mizigo, ililala mbele ya nyumba yetu, mtaani Nyalukemba. Siku moja wanaume walikuja wakang'oa moteri, wakaondoka nayo. Niliamini wameitoa ili sisi watoto tucheze bila hatari. Papa hakunisahihisha. Alinifungulia mlango akasema, "Panda. Leo ni weye unanipeleka."

Pedali zilikuwa mbali, basi niliendesha nikiwa nimesimama. Usukani ulikuwa mzito, ukinuka jasho lake. Niliiga mlio wa moteri kwa midomo. Papa, kando yangu, alifumba macho.

"Tuko Mudaka," alisema. "Enda pole, batoto banatoka ku masomo."

Baadaye akasema, "Tumefika Miti. Simama, tubebe ba maman ya makabichi."

Nilisimama. Akafungua mlango wa upande wake, akangoja kwa muda mrefu, kama kwamba magunia ya akina mama hao yalikuwa yanapandishwa kweli. Nilifikiri anajua kucheza kuliko watoto wote wa mtaa.

Sasa najua kwamba bila moteri Papa hakuwa tena na kazi, na kwamba mchezo ulikuwa wangu peke yangu; yeye alikuwa anaipita njia yake kwa mara ya mwisho.

Juzi nilivuta kiti, nikaketi kando ya mjukuu wangu, nikafumba macho.

"Ukifika Miti," nilimwambia, "simama. Kuko ba maman banangojea."