Haki ya Kunyamaza

Tangu vita vianze mpakani, Kigali tumejifunza kupanga foleni langoni pa gereza na sufuria za kugemura, yaani kuwapelekea wafungwa wetu chakula. Juzi, mbele yangu alisimama mama mmoja wa Kabuga, ambaye mumewe alikamatwa kwa kudaiwa kuwasaidia waasi.

Mwalimu mmoja, aliyekuwa ametoka kusikiliza mhadhara wa sheria, akamfariji. "Kule Amerika, mama, mahakama kuu iliamua. Polisi akikukamata, lazima akuambie una haki ya kunyamaza."

Askari wa langoni akacheka. "Na hapa iko, mwalimu! Bwana yake amenyamaza tangu Ijumaa, na hakuna mtu alimkataza."

Foleni ikacheka pia, kwa adabu tunayompa mwenye bunduki. Mama hakucheka.

"Tangu Ijumaa hajasema kitu, afande?"

"Hata kimoja."

"Na maharage yangu ya Jumamosi alikula nani?"

Askari akatazama viatu vyake. Majaji wa Amerika hawakutuambia kwamba haki ile ni ya askari pia.

"Lete sufuria, mama," akasema hatimaye. "Wengine wanangoja."

Mama akampa. Kurudi nayo Kabuga kungekuwa kukubali kwamba amekuwa mjane.