Minyaa ya Shigela

Nitakachokuambia hutakiamini, na sitakulaumu. Pale Kisesa nilipokisimulia kwenye benchi la kahawa, watu wazima walinyanyuka wakaenda zao, kahawa wameiacha inafuka. Nakiandika hivyohivyo. Mimi ni mjomba wa mhusika, na kama kuna mtu Usukumani anayeijua sheria bila kuisomea, basi anayo kalamu mkononi sasa hivi. Wengine wameisoma vyuoni. Mimi nimeipata kwenye vivuli vya mahakama, nikisubiri kesi za jamaa zangu ziishe, na jamaa zangu wana kesi nyingi.

Mhusika anaitwa Ng'washi, binti wa dada yangu Bernadeta. Ukimwona leo, mpole, anaongea taratibu, utadhani hajawahi kumchukia hata mbu. Usidanganyike. Huyo mtoto alimbeba mtu moyoni tangu darasa la sita, akalala naye, akaamka naye, akafanya naye mitihani yote mpaka chuo kikuu. Mtu mwenyewe ni Shigela, mfanyabiashara wa ng'ombe, jirani yao.

Mambo yalianza pale baba yake Ng'washi alipofariki. Walimpeleka kwao Ukerewe kumzika, wakakaa huko mpaka matanga yakaisha. Siku waliyorudi, Bernadeta alifika uwanjani kwake na kifurushi bado kiko kichwani, akalitazama shamba, akalitazama tena, kifurushi kikamponyoka.

Minyaa ilikuwa imehama.

Kwetu shamba halijengewi ukuta. Tunapanda minyaa, na minyaa ikishashika, ndiyo mpaka, ndiyo hati, ndiyo shahidi. Hakuna mwenye akili anayeigusa. Kwanza ni aibu. Pili, ukiivunja inatoa utomvu mweupe kama maziwa, na huo utomvu ukikurukia jichoni, jicho linavimba kama andazi. Sasa mstari mzima ulikuwa umesogea ndani kwa Bernadeta, udongo umemwagiwa maji vizuri, na kile kipande chenye kisima, kisima alichokichimba marehemu kwa mikono yake, kilikuwa kimelala upande wa Shigela.

Bernadeta akapeleka malalamiko. Wazee wa baraza wakaja kutazama shamba, kijiji kizima nyuma yao. Shigela naye akaja, amevaa miwani ya jua, na siku yenyewe ilikuwa ya mawingu mazito.

"Mwambieni avue hiyo miwani," Bernadeta akasema.

"Naumwa macho, mama," Shigela akajibu. "Au umekuwa daktari?"

Watu wakacheka. Wengine walikuwa wameshakula nyama kwake jana yake, na mtu aliyekula nyama yako hucheka mapema. Mzee wa baraza akajikuna shingo. "Mama Ng'washi, mpaka ni minyaa. Minyaa ile pale. Unataka tufanyeje?"

Hapo ndipo Ng'washi akatoka nyuma ya kanga ya mama yake, akapiga kelele mpaka sauti ikapasuka: "Ameing'oa yeye! Utomvu umemwingia machoni, ndiyo maana hataki kuvua!"

Shigela akainama mpaka uso wake ukawa karibu na uso wa mtoto. Kwa pembeni ya kioo, Ng'washi aliliona jicho lenyewe. Jekundu, limevimba, linatoa machozi.

"Katoto haka kana mdomo," Shigela akasema, kwa sauti ya kila mtu kusikia. "Soma basi. Usome, uwe hakimu, uje unihukumu. Nitakusubiri."

Kijiji kikacheka tena. Jioni ile Bernadeta alikwenda na ndoo kisimani kwake, akaambiwa aombe kwanza. Akaomba. Ng'washi alisimama pembeni akimtazama mama yake anaomba maji ya mume wake, na hakulia. Mimi ningekuwa ni mimi ningelia.

Kuna watoto wanaosoma kwa sababu wanapenda vitabu. Huyu alisoma kama mtu anayenoa panga. Ukimpa somo ambalo halielekei kwa Shigela, anafaulu kidogo tu. Ukimpa linaloelekea mahakamani, anafaulu mpaka walimu wanaogopa. Shamba lililobaki halikutosha kulea mtu, kwa hiyo mama yake akahamia mjini, akaanza kuuza dagaa pale mwaloni Kirumba, mitumbwi inaposhusha samaki, na dagaa hao ndio waliomsomesha sheria, shahada na shule ya mawakili, yote.

Halafu akamaliza, na kazi hakuna. Akarudi mwaloni. Akafunga kanga juu ya sketi ya ofisini, akaanza kupima dagaa pembeni ya mama yake. Nasma, muuzaji wa meza ya jirani, mwanamke wa mjini mwenye ulimi usio na breki, alimpa jina siku ya kwanza.

"Wakili wa Dagaa! Njoo unitetee, huyu mteja anasema debe langu limebonyea!"

"Limebonyea kweli, dada Nasma."

"Ah! Nimekuita unitetee, si unishtaki!"

Nafasi za hakimu zilipotangazwa, waombaji walikuwa wengi kama hao dagaa wenyewe, na waliotakiwa ni kiganja tu. Ng'washi akaomba, akafanya mtihani wa kuandika, akapita, akaitwa kwenye usaili wa ana kwa ana Dodoma. Nikampa ushauri, kama mjomba. Nikamwambia, wakubwa wale wanapenda ukweli, wewe waambie ukweli.

Wakamuuliza kwa nini anataka kuwa hakimu. Akawaambia, "Kuna mtu kwetu amekuwa akinisubiri muda mrefu."

Hakuchaguliwa. Huo ushauri wangu sipendi tuujadili.

Kibaya zaidi, habari ikafika Kisesa. Haikupita muda, gari la mizigo likasimama mwaloni, na Shigela mwenyewe akashuka, tumbo mbele, anatafuta dagaa wa kuchanganyia chakula cha kuku. Meza zilikuwa nyingi. Akazipita zote akaja kusimama mbele ya Ng'washi.

"Shikamoo," Ng'washi akasema, kwa sababu amelelewa.

"Marahaba, hakimu!" Shigela akajibu. "Nipimie debe, lijaze vizuri. Nimesikia wamekurudisha. Usijali, mimi bado nakusubiri. Afya ninayo."

Bernadeta akageuka pembeni, akajifanya anafunga gunia. Ng'washi akapima debe, akalijaza mpaka likafanya kilima, akamkabidhi kwa mikono miwili. Shigela alipoondoka, Nasma akaja polepole.

"Ndiyo huyo?"

"Ndiyo huyo."

"Mbona umemjazia hivyo?"

"Sitaki anidai kitu chochote siku hiyo," Ng'washi akasema. Nasma ananiambia alitetemeka kwa jinsi alivyolisema, na Nasma si mwanamke wa kutetemeka.

Tangazo la pili lilipotoka, Ng'washi aliomba tena. Safari hii hakuniuliza kitu. Alikuwa na picha moja kichwani, ameisugua miaka yote mpaka inang'aa: yeye amekaa juu, Shigela yuko kizimbani, na yeye anatamka kifungo. Alishachagua hata sauti atakayoitumia. Sauti ya chini.

Kule Dodoma akawajibu maswali yote ya sheria bila kumeza mate. Kisha mama mmoja wa makamo, aliyekuwa kimya tangu mwanzo, akavua miwani yake ya kusomea.

"Binti, umeshakuwa hakimu. Asubuhi moja unaingia mahakamani, mshtakiwa ni mtu aliyewahi kuidhulumu familia yako. Unafanya nini?"

Jibu alilijua. Kila aliyesoma sheria analijua, limo katika masomo ya mwanzo kabisa: hakimu haamui shauri la adui yake, anajitoa. Ng'washi alikuwa amelisoma, amelifanyia mtihani, amelifaulu. Lakini hakuwahi kuliweka karibu na Shigela. Alikuwa amevitunza vitu hivyo viwili katika vyumba tofauti vya kichwa chake, na sasa yule mama amefungua mlango wa katikati.

Akaona picha yake yote inamomonyoka. Katika viti vyote vya nchi hii, alikuwa amekihangaikia kile kimoja ambacho kamwe hakitamruhusu kumfunga Shigela. Mchoma mkaa angeweza kumlipizia kisasi Shigela. Hakimu hawezi.

"Tunakusubiri," yule mama akasema, na neno hilohilo likamchoma kama utomvu.

Angeweza kunyanyuka akaondoka. Badala yake akashika kingo za kiti. "Najitoa," akasema.

"Kimyakimya?"

Ng'washi akamtazama. Kitu fulani kikageuka ndani yake, taratibu, kama mtu anayegeuka kitandani. "Hapana, mheshimiwa. Hadharani, mahakama ikiwa imekaa. Na sababu naitaja, iingie kwenye kumbukumbu za shauri. Watu wanatakiwa wajue kwa nini sitamsikiliza."

Yule mama akarudisha miwani yake usoni, akaandika.

Jina likatoka. Bernadeta alipiga vigelegele mwaloni mpaka wavuvi wakadhani kuna mtumbwi umezama. Mwaka uliofuata Ng'washi akawa amekaa kwenye mahakama ya mwanzo moja, upande wa Misungwi, sitaitaja jina. Anaamua kesi za wizi wa baiskeli na za watu waliotishiana kwa maneno, na usiku hamwoti mtu. Alikuwa ameanza kuamini kwamba imekwisha.

Asubuhi moja ya mnada, askari akaita, "Kooti!" Watu wote wakasimama. Ng'washi akaingia, akainamisha kichwa kidogo, akakaa, na washauri wake wazee wakakaa kulia na kushoto. Akafungua jalada la kwanza. Kosa: kumtukana hadharani mama muuza samaki. Akainua macho. Kizimbani alikuwa amesimama Shigela.

Shigela hakumtambua mara moja. Joho linabadilisha mtu, na yeye alikuwa akimwona bado na kanga na debe. Kisha akamtambua. Ng'washi aliona jambo lilivyompata: kwanza mdomo, halafu mabega, halafu mkono uliokuwa unatafuta mahali pa kushika.

Ukumbi ulikuwa umejaa watu wa mnadani, wafugaji na wachinjaji, wenzake Shigela wa biashara, karibu wote.

"Kabla shauri halijaanza," Ng'washi akasema, kwa ile sauti ya chini aliyoichagua zamani, "mahakama inajitoa, na sheria inataka sababu itajwe." Akaishika kalamu, akawa anasema na kuandika, neno kwa neno, bila haraka. "Mshtakiwa namfahamu. Nikiwa mtoto, wiki tuliyokwenda kumzika baba yangu, minyaa ya mpaka wetu ilisogezwa, na kisima cha marehemu kikawa upande wa mshtakiwa. Wazee walipokuja kutazama, mshtakiwa alikuja amevaa miwani ya jua. Siku ilikuwa ya mawingu."

Kisha mshauri wake wa kulia, mzee mfugaji, akainua kidole bila kujijua, akagusa jicho lake mwenyewe. Pale nyuma mtu mmoja akaguna. Hakuna aliyehitaji kuelezwa. Kila mtu mle ndani amekata minyaa, kila mtu anaijua siku ya pili yake. Mguno ukawa kicheko, kicheko kikapita benchi hadi benchi, kikatoka nje kupitia madirishani, na mama muuza samaki akajifunika uso kwa kanga mabega yakitikisika.

"Mheshimiwa," Shigela akasema, na hilo neno Ng'washi alilisikia vizuri, "mambo hayo ni ya zamani, mimi siku—"

"Mshtakiwa, huulizwi kitu. Hii si kesi yako. Hii ni sababu yangu."

Akaagiza jalada liende kwa hakimu mwingine. Huko Shigela alisikilizwa kwa haki kama mtu mwingine yeyote, akapatikana na hatia, akatozwa faini. Lakini nani anakumbuka faini? Tangu siku hiyo akiingia mnadani, vijana wa kuswaga ng'ombe wanatoa miwani ya jua mfukoni, wanavaa wote kwa pamoja, ndipo wanamwamkia. Hata siku ya mvua. Juzi aliuza ng'ombe wake Bariadi, mbali kote huko, na huko nako alikuta wamevaa.

Kisima hakijarudi. Hilo nalisema wazi, maana mimi si mtu wa kuongeza chumvi. Lakini nenda kamuulize mtu yeyote aliyekuwepo siku ile: Ng'washi alipomaliza kusema, Shigela alipiga magoti palepale kizimbani, akazishika buti za askari, akalia kwa sauti kama ndama aliyekatazwa ziwa la mama yake, akasema, "Mheshimiwa, chukua kisima, chukua na ng'ombe," na machozi yakatiririka mpaka washauri wakanyanyua miguu yao ju—

"Mjomba, acha hapo," Ng'washi anasema, anasoma begani kwangu. " Magoti yapi? Hakulia wala hakusema neno lingine. Alisimama tu, kwa sababu sikumwambia akae."